Shati Lililolewa

Mlinzi wa ghala alikuwa amelala chini ya lango lake mwenyewe, pikapu juu yake. Alishakata roho. Dereva, kijana wa nyumba ya jirani, alikuwa bado kwenye usukani, kope nzito, akinuka bia kama kilabu. Mama yake alifika kabla ya polisi.

"Amelewa, mwanangu huyu," aliwaambia. "Ni pombe tu."

Inspekta wa kike, aliyeitwa Mashaka kituoni kwa kuwa hata chumvi huionja kwanza, alimtazama. Hakuwa amepata kuona mama anayewahi kumtangaza mwanawe mlevi.

Kijana akapuliza kipimo. Sifuri. Akapuliza tena. Sifuri. Inspekta akamnusa mdomo, kisha kifua.

"Sajini, hapa shati ndilo lililolewa. Mwenyewe hajaonja."

Sajini akasema basi kesi imekufa. Inspekta akamwambia asiizike mapema, kope zile huenda ni za dawa: pombe ina kiwango chake na mashine yake, dawa haina. Kesi ya dawa hutaka daktari, damu na ushahidi wa namna mtu alivyoendesha, na hata vidonge vya hospitali vikikulegeza kwenye usukani ni kosa.

Damu ikaonyesha dawa ya usingizi. Kijana akaapa hakumeza kitu ila chai ya mama. Mizigo yake ilishapakiwa, alikuwa anaenda kuanza kazi mbali.

Inspekta akaenda jikoni kwa mama. Akachungulia kinu cha iliki. Ndani mlikuwa na unga mweupe.

"Iliki yako imeota mvi, mama."

Mama akacheka kidogo, peke yake.

"Mwanao anashtakiwa kwa kuua akiendesha na dawa mwilini," Inspekta akasema. "Labda ajulikane aliyempa bila yeye kujua. Hapo shtaka litamwendea huyo."

Mama akafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Nilitaka alale, gari la kazini limwache," akasema mwishowe. "Ndiye niliyebaki naye. Nikadhani atasinzia kitini, kumbe akachukua pikapu yetu kulifuata. Niliposikia kishindo nikakimbia na chupa ya bia ya wageni, nikammwagia. Nilijua polisi mnanusa tu."

"Na mlinzi?"

"Alikuwa akinisalimia kila asubuhi." Hapo ndipo alipolia.

Inspekta akamngoja ajifunge kanga. Mlangoni mama akasimama.

"Nikiandikisha hayo, ataachiwa aende kazini kwake?"

"Nadhani ataachiwa."

"Kule mbali?"

"Huko huko."

Mama akashusha pumzi. "Basi mwambieni shati safi liko kwenye kamba."