Dakika Ishirini za Chapuchapu

Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata duka la mkate halijafunguliwa, Chapuchapu alikuwa ameshakaa kwenye ngazi za saruji juu ya ufukwe, daftari mapajani na saa ya shangazi yake ikimning'inia mkononi. Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, ila nyumbani hakuna aliyelitumia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na tangu ajue kutembea hakuwahi kufanya jambo lolote polepole. Alikula chapuchapu, alipiga mswaki chapuchapu, na akifua mashati ya shule, mama yake alisema, hayo mashati hayafuliwi, yanasalimiana tu na maji.

Kazi pekee iliyoweza kumkalisha kitako ilikuwa hii ya kuipima bahari. Shangazi yake alifundisha watoto kuteleza juu ya mawimbi kwa bodi. Shule yake ilikuwa banda la mabati lenye bodi kumi na nne, filimbi moja, na ubao mweusi uliopigiliwa ukutani. Kwenye ubao huo Chapuchapu aliandika hali ya siku: mawimbi yana urefu gani, upepo unatoka wapi, maji yanajaa au yanakupwa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa makundi, na Shangazi aliuita moyo wa ubao.

"Mawimbi hayaji mojamoja kama wateja wa dukani," Shangazi alimfundisha siku ya kwanza. "Yanakuja kwa makundi. Matano, sita makubwa, yanapita, halafu bahari inatulia utadhani imelala. Ukiitazama wakati huo tu, utasema leo shwari. Ndiyo maana unakaa dakika ishirini. Si kumi, wala si kumi na tisa."

"Lakini simu si inasema kila kitu, Shangazi?"

"Simu inaijua bahari kuu, mwanangu. Hii miamba yetu haijawahi kuiona."

Ubao ukishaandikwa, mlinzi wa ufukwe, kijana mrefu mwenye sauti nzito, aliusoma na kupandisha bendera. Kijani, ingieni. Njano, kaeni chonjo. Nyekundu, hakuna kugusa maji. Kwa Jumamosi kumi na mbili mfululizo Chapuchapu hakukosea hata mara moja. Mlinzi akaanza kumwita Mtabiri, na kichwa cha mtoto kikaanza kuvimba kidogo.

Jumamosi ya kumi na tatu bahari ilikuwa imetulia kama maji ya karai. Simu ya Shangazi ilisema mawimbi ni nusu mita, yakipishana kwa sekunde kumi na sita, na upepo ni mwanana kutoka nchi kavu. Nusu mita! Zile sekunde Chapuchapu hakuzijali, ingawa Shangazi alishamwambia kwamba mawimbi yanayopishana kwa sekunde nyingi yametoka mbali na yamebeba nguvu, hata yakionekana madogo.

Dakika ya tano, kengele ya baiskeli ikalia nyuma yake. Alikuwa rafiki yake, binti wa fundi cherehani, na baiskeli mpya nyekundu ambayo kiti chake kilikuwa bado kimefungwa plastiki.

"Twende kilimani," alisema rafiki. "Ukiteremka pale upepo unakupiga masikioni kama uko kwenye ndege."

"Kwani umeshapanda ndege wewe?"

"Sijapanda, lakini masikio ninayo."

Chapuchapu akacheka. "Ningoje. Bado dakika kumi na tano."

"Za kutazama nini? Hayo maji hata kifaranga wa bata anaogelea."

Chapuchapu alitazama bahari, akatazama baiskeli, akatazama bahari tena. Kweli, hapakuwa na kitu. Aliandika haraka kwenye daftari: mawimbi madogo, upepo mwanana, makundi hakuna. Palipoandikwa "muda wa kukaa" kalamu ilisita. Halafu akaandika: dakika ishirini.

Alinakili yote ubaoni kwa mwandiko wake mzuri kuliko siku zote, na chini akaongeza: "Bahari shwari. Hata wanaoanza wanaweza kwenda hadi upande wa miamba." Mlinzi alikuja na kikombe chake cha chai, akasoma, akapandisha bendera ya kijani.

"Asante, Mtabiri," alisema.

Neno hilo lilimchoma Chapuchapu kidogo, lakini miguu yake ilikuwa imeshaondoka.

Kilimani walipokezana baiskeli. Mmoja aliteremka na kuikokota kurudi juu, mwingine alisubiri kando ya tangi la maji. Saa mbili na dakika kumi ilikuwa zamu ya Chapuchapu kusubiri. Kutoka pale bahari yote ilionekana, na ndipo alipoona kitu kilichomfanya asimame wima. Mistari mitano ilikuwa inakuja kutoka mbali, imenyooka na kufuatana kama mistari ya daftari. Ilipofika kwenye miamba iliinuka, ikapasuka, na povu likaruka juu. Kisha bahari ikatulia tena, kana kwamba haijafanya lolote.

"Umeona?" alimuuliza rafiki yake aliyekuwa akihema na baiskeli.

"Nione nini?"

"Labda kuna meli imepita," Chapuchapu alijijibu mwenyewe. Lakini meli haikuwepo, na yeye alijua.

Zamu yake ya baiskeli ilifika, akaikataa. Aliketi chini na kuitazama saa. Hakuna aliyemtuma sasa, na hakuwa amewahi kuhesabu dakika kwa uangalifu kama alivyozihesabu hizo. Saa mbili na dakika ishirini na nane mistari ilirudi, safari hii sita, mikubwa kuliko ya kwanza. Dakika kumi na nane! Kama angekaa pale kwenye ngazi dakika zake zote, angeliona kundi kama hilo likipita mbele ya macho yake.

"Nenda kafute ubao uandike upya, kimyakimya," alisema rafiki. "Darasa si linaanza saa tatu? Nani atajua?"

Ushauri huo ulimpendeza. Aliazima baiskeli akateremka mbio, bila kusikia upepo wowote masikioni. Alifika bandani saa mbili na dakika thelathini na nane, akachukua kitambaa, akafuta neno "shwari". Alipogeuka kutafuta chaki, ndipo akatazama ndani. Hapakuwa na mtu. Bodi tisa hazikuwepo. Kundi la pili lilipopita Shangazi alikuwa bandani akiwagawia watoto bodi, na kwa kuwa ubao ulisema shwari, alikuwa ameingiza darasa mapema.

Watoto tisa walikuwa upande wa miamba, maji yakimfika Shangazi kifuani. Wa mwisho kabisa, karibu na mwamba mkubwa, alikuwa mdogo wake Chapuchapu, mwenye miaka saba, waliyemwita Kibogoyo kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote kwa mwezi mmoja. Alikuwa anacheka, pengo lote nje. Na huko majini hakuna mtu anayesoma ubao.

Chapuchapu alikimbia mpaka maji yakamfika magotini.

"Shangazi! Watoe! Kuna makundi makubwa yanakuja!"

Shangazi aligeuka kutazama nyuma yake. Bahari ilikuwa tuli. "Ubao umesema hakuna! Si ulikaa dakika ishirini?"

Jibu rahisi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: nilikaa, ila bahari imebadilika. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Shangazi angesema ngoja kwanza tuangalie, angeitazama bahari tuli, na dakika zingezidi kwenda. Kwenye ngazi walikuwa wamekaa wazazi sita, mlinzi alikuwa amesimama chini ya bendera yake, na wote walikuwa wanamtazama.

"Sikukaa!" alipiga kelele. "Nilikaa tano tu! Nimedanganya, Shangazi!"

Shangazi hakuuliza la pili. Alipuliza filimbi mara tatu, ndefu, na kuanza kuwasukuma watoto kuelekea mchangani, mmoja baada ya mwingine. Walitoka wakinung'unika. Kibogoyo ndiye aliyekasirika zaidi, maana ndiyo kwanza alikuwa amefaulu kusimama juu ya bodi. Aliiachia majini kwa hasira akatoka analia.

Mlinzi alishusha kijani akapandisha nyekundu. Wakangoja.

Saa mbili na dakika arobaini na sita, hakuna kitu. Arobaini na nane, hakuna. Hamsini. Bahari ilikuwa imelala fofofo. Chapuchapu alisimama peke yake, uso umemshuka, akitamani mchanga upasuke umfiche. Mvulana mmoja akanong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Labda na hili kadanganya."

"Bahari haina saa ya ukutani," alisema mlinzi. "Hakuna kuingia."

Saa mbili na dakika hamsini na nne, mistari ikatokea. Ilikuwa saba. Wimbi la kwanza liliinuka juu ya miamba, refu kuliko Shangazi, likaanguka kwa kishindo palepale watoto walipokuwa. La pili likaibeba bodi ya Kibogoyo na kuitupa kwenye mwamba mkubwa. Walisikia ikivunjika. Yalipopita yote saba, bodi ilirudi ufukweni vipande viwili.

Kibogoyo aliacha kulia, akaja kushika mkono wa dada yake.

"Hapo ndipo nilipokuwa," alisema.

Chapuchapu aliangua kilio, wala hakujificha. Shangazi aliwahesabu watoto, wakawa tisa. Akawahesabu tena, tisa. Kisha akaketi mchangani.

Hakumpiga wala hakumfokea. Alimpa chaki na kumwambia aandike ubaoni kwa herufi kubwa: "Habari ya asubuhi haikuwa ya kweli. Niliiandika mimi bila kukaa dakika ishirini." Halafu akae kando yake mpaka saa sita mchana, amjibu kila atakayeuliza.

Waliuliza wengi. Muuza mkate aliuliza, watalii wawili wakauliza, na mama wa yule mvulana aliyenong'ona aliuliza mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza hakusikia. Kila mara Chapuchapu alieleza tangu mwanzo: baiskeli, dakika tano, uongo. Mara ya kwanza alieleza akitazama miguu yake. Kufikia mara ya nane aliweza kumtazama mtu machoni.

Mlinzi naye alikuja, safari hii bila chai. "Na mimi nina langu," alimwambia Shangazi. "Nilipandisha kijani bila kuitazama bahari. Nilisoma ubao tu."

"Andika nawe," alisema Shangazi, akampa chaki. Akaandika, kwa mwandiko mbaya sana.

Saa sita ilipofika, Shangazi alikuja kuketi karibu na Chapuchapu, na vipande vya bodi ameviweka chini.

"Kazi ya ubao utampa nani sasa, Shangazi?" Chapuchapu aliuliza kwa sauti ndogo.

Shangazi aligeuza kipande kimoja cha bodi. "Leo nimeona wasichana wawili," alisema. "Mmoja aliandika uongo kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwona. Mwingine alisema kweli huku watu wote wanamwona. Yule wa kwanza alikaribia kuniulia watoto. Huyu wa pili amewatoa majini wote tisa. Na wote wawili wanavaa viatu vyako."

Chapuchapu alifuta machozi kwa kiganja.

"Kukosea tunakosea sote, mwanangu. Lakini kazi kama hii watu wanaifuata bila kuuliza. Wanaweka watoto wao juu ya neno lako. Ukiifanya nusu, sema umeifanya nusu, watu wajue la kufanya. Usiijaze kwa uongo. Na ukishasema uongo, usingoje wimbi lije likusemee." Shangazi alitoa mfukoni ile saa yake, ambayo Chapuchapu alikuwa amemrudishia asubuhi, akamfunga mkononi. "Kapime. Darasa la mchana linangoja, na sitamwingiza mtoto hata mmoja mpaka uniambie."

Chapuchapu alikwenda kuketi kwenye ngazi. Jua lilikuwa kali, mgongo ulimuwasha, na dakika zilikwenda kwa kujikokota. Alihesabu. Dakika ya kumi na mbili likaja kundi moja, mawimbi manne ya wastani, akaandika. Dakika ya ishirini akasimama. Chini yake watoto wote walikuwa wamekaa mchangani na bodi zao, wanamtazama yeye.

"Vipi?" aliita Kibogoyo. "Tunaingia?"

Chapuchapu aliitazama bahari, iliyokuwa imetulia vizuri kabisa.

"Bado," alisema. "Nimeona kundi moja tu. Nipeni dakika kumi nyingine."

Hakuna aliyenung'unika. Shangazi aliweka filimbi yake chini, na watoto tisa wakakaa kumngoja.