Kofia za Bati za Nyumba ya Babu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, shangazi Coralie aliegesha gari lake mbele ya nyumba ya marehemu babu Clarrie mjini Maryborough. Alishuka na glavu zake za bustani, akamsalimia Tamsin, kisha akampita ndugu yake Neville mlangoni kama mtu anayepita nguzo ya umeme. Neville, baba yake Tamsin, naye aliendelea kupaka rangi ukuta. Watu hawa walizaliwa tumbo moja, lakini tangu siku ya mazishi ya mzee hawakuwa wamesemeshana.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kijinga, kama ugomvi mwingi wa ndugu. Coralie alidai kwamba Neville ameishi na mzee miaka yote hiyo bila kupigilia hata msumari mmoja. Neville alijibu kwamba afadhali yeye aliyemuuguza mzee, kuliko mtu anayekuja Krismasi kula na kuondoka na mabaki. Sasa nyumba ilikuwa yao wote wawili na ilibidi iuzwe, kila mtu achukue chake. Lakini kuuza nyumba kunataka matengenezo, na matengenezo yanataka watu wanaosemezana. Basi wakamfanya Tamsin, msichana wa miaka kumi na miwili, kuwa ulimi wao.

"Mwambie baba yako rangi hiyo inafanana na uji uliochacha," shangazi alisema siku moja, Neville akiwa juu ya ngazi karibu naye kabisa.

"Mwambie shangazi yako kilichochacha ni macho yake," Neville akajibu bila kugeuka.

Tamsin alisimama katikati na ndoo mkononi. Hakurudia neno lolote, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesikia. Alichoka nao wote wawili, na mimi simlaumu.

Mwanzoni mwa likizo ndefu ya Desemba, lori lilimwaga lundo la magome ya miti yaliyosagwa mbele ya lango. Dalali wa nyumba, Bwana Craddock, alikuwa ameshauri kwamba mnunuzi huipenda au huichukia nyumba kabla hajafika mlangoni, kwa hiyo bustani ya mbele ipendeze. Magome yale yalitakiwa kutandazwa kwenye matuta ya maua, ili yazuie magugu na kuhifadhi unyevu. Kazi hiyo alipewa Tamsin.

Kabla hajaanza, shangazi alimwita chini ya nyumba. Nyumba ile ya mbao, kama nyumba nyingi za kale za mji huo, ilisimama juu ya nguzo fupi, na kila nguzo ilivikwa kofia ya bati kichwani, mfano wa sahani iliyopinduliwa.

"Unaziona hizi?" shangazi aliuliza. "Mchwa hutoka ardhini. Wakitaka kupanda mpaka kwenye boriti, lazima wazunguke bati hili kwa nje, na hapo tunawaona. Sasa ole wako uweke gome au udongo karibu na nguzo. Acha nafasi ya shubiri mbili pande zote. Umenisikia?"

Tamsin alisikia. Tatizo ni kwamba matuta ya maua yalikuwa mbali, kando ya uzio, na toroli la babu lilikuwa na gurudumu lisilo na upepo. Alilisukuma mara chache, likamvuta kila upande. Wenzake wa mtaani walikuwa wanaelekea kuogelea. Juu ya veranda wakubwa wakaanza tena "mwambie" zao, na hasira ikamkaba. Akajisemea kwamba kama wao hawawezi kusogea hatua mbili kuzungumza, yeye naye hatasogeza toroli mpaka kwenye uzio. Akalisukuma mara ya mwisho mpaka ukingo wa nyumba, akamwaga magome yote yaliyobaki kwenye nguzo za mbele, akayasawazisha kwa reki hadi yakazifunika kofia za bati. Halafu akakimbilia kuogelea, na reki akaiacha nje kwenye umande, jambo ambalo babu asingelikubali hata siku moja.

Jioni aliporudi alitegemea makaripio. Badala yake alimkuta baba yake barabarani akiitazama nyumba huku amekunja mikono, na shangazi upande wa pili akiitazama vilevile. Kutoka pale waliona magome tu, si nguzo.

"Pale mbele pamependeza," alisema Neville.

"Pamependeza kweli," alisema Coralie.

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi walikuwa wamekubaliana. Tamsin angewezaje kwenda kuparua kitu pekee ambacho watu hawa walikipenda pamoja? Alinyamaza, akijiambia kwamba atakiondoa wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na nyingine, na mvua za msimu wa joto zikanyesha juu ya yale magome.

Mwezi wa Februari, akitafuta mpira chini ya nyumba, aliona mstari wa udongo, mwembamba kama penseli, ukitoka kwenye magome, ukiipita kofia ya bati na kupanda hadi kwenye boriti. Alichukua kisu bapa cha baba cha kukwangulia rangi, akaukwangua mstari wote, kisha akapaka rangi mahali pale. Siku chache baadaye mstari ulikuwa umerudi, safari hii miwili. Alijaribu kuichoma boriti kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kama inaingia kwenye keki. Akaziba lile tundu, akapaka rangi tena. Alijua namna ya kufanya, kwa sababu alimwona baba yake akifanya hivyohivyo kwenye ubao uliooza chini ya dirisha la bafu.

"Mnunuzi hununua kwa macho," baba alikuwa amemwambia siku ile, akichovya brashi.

Wanunuzi walianza kuja kuitazama nyumba. Wengine walikuwa majirani tu, waliokuja kuchungulia makabati na kuondoka na maneno. Lakini wawili walirudi tena na tena: Anjali, muuguzi aliyekuwa mjamzito, na mumewe Rhys. Walikuwa wamemtafuta mkaguzi wa nyumba, wakaambiwa ana kazi nyingi mpaka mwezi ujao, basi wakaamua kuamini walichokiona. Anjali alimuuliza Tamsin ni chumba gani chenye ubaridi mchana. Tamsin akamwonyesha chumba cha mbele.

"Basi hapa ndipo kitakapokaa kitanda cha mtoto," Anjali alisema, akiigonga sakafu kwa kisigino kwa furaha.

Ile boriti ilipita chini ya chumba hichohicho.

Siku ya mnada aliouandaa Bwana Craddock, watu walijaa kwenye majani mbele ya nyumba, wengine na viti vyao vya kukunja, ingawa wengi hawakuwa na nia ya kununua hata kitasa. Mzee mmoja wa nyumba ya pili alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba nyumba imepakwa rangi kumshinda bibi harusi. Neville alimkazia macho. Bwana Craddock alieleza masharti: mnadani nyundo ikishagonga, aliyeshinda amenunua nyumba kama ilivyo, na hakuna kurudi nyuma. Anjali na Rhys walisimama mbele kabisa wameshikana mikono.

"Tamsin," shangazi aliita, "mwambie baba yako aondoe ngazi yake pale, inatia aibu."

"Mwambie shangazi yako aondoe sura yake kwanza," akasema Neville.

Tamsin hakumwambia mtu chochote. Alikwenda bandani, akatoka na reki ya babu, sasa yenye kutu kwenye meno, akaanza kuvuta magome kutoka kwenye nguzo za mbele. Watu walidhani anasafisha. Craddock alimwambia kwa tabasamu la meno aache, mnada unaanza. Yeye akaendelea kuvuta, mpaka kofia ya bati ikatokea, na juu yake mistari ya udongo, minene sasa kama vidole. Aliigonga kwa mpini wa reki. Ikabomoka, na mchwa weupe wakamwagika mchana kweupe.

Anjali aliuachia mkono wa mumewe, akainama, akatazama, kisha akainua macho kukiangalia chumba cha mbele.

"Unafanya nini wewe?" Neville alifoka.

"Naondoa nilichoweka," Tamsin alisema. "Shangazi alinikataza, nikaweka. Mchwa wakaja, nikawapaka rangi. Boriti imeoza, baba. Mtoto wao angelala juu yake."

"Umepaka rangi juu ya mchwa? Nani alikufundisha upuuzi huo?"

"Wewe. Kwenye bafu."

Uso wa Neville ulibadilika. Coralie alimgeukia, akasahau kabisa kwamba hasemi naye.

"Bafuni kuna nini, Neville?"

"Sasa umepata ulimi, dada?"

"Nimekuuliza bafuni kuna nini."

Walizozana palepale mbele ya umma, na maneno waliyotupiana siwezi kuyaandika kwenye kitabu cha shule. Mwishowe Craddock, amekasirika hadi masikio mekundu, alitangaza kwamba mnada umeahirishwa, akatia nyundo yake mkobani. Majirani waliondoka polepole, maana uhondo haukuwa umekwisha. Anjali peke yake ndiye aliyemjia Tamsin. Alimgusa bega, akasema asante, akaenda zake.

Adhabu ilikuwapo, na ilikuwa ya haki. Tamsin alihamisha magome yote hadi kwenye uzio kwa toroli, safari hii baada ya kulijaza gurudumu upepo. Aliisugua reki hadi kutu yote ikatoka, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akaitundika mahali pake.

Fundi wa mchwa alikuja kutia dawa. Boriti iliyooza ilibidi itolewe, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Boriti haiinuliwi na mtu mmoja. Mmoja huzungusha jeki chini na mwingine hutazama juu na kusema pandisha, shusha, simama. Kazi hiyo haingoji mtoto apeleke ujumbe. Neville na Coralie walilala chali chini ya nyumba ya baba yao, vumbi machoni, wakifokeana.

"Pandisha! Nimesema pandisha, huna masikio?"

"Masikio ninayo, wewe ndiye huna subira!"

Lakini walikuwa wanasemezana. Boriti mpya ikakaa, na baada ya hapo wakaubandua ule ubao wa bafu na kuweka mwingine. Mwezi wa Mei, mkaguzi aliingia chini ya nyumba na tochi yake, akatoka akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Anjali na Rhys waliambiwa kila kitu, kilichooza na kilichotengenezwa, nao wakainunua bila mnada.

Siku ya kukabidhi funguo, Tamsin alikaa na shangazi yake kwenye ngazi za mbele.

"Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia sana," Coralie alisema. "Usiniangalie hivyo. Umenivunjia amri na umetupotezea miezi. Lakini siku ile ulifanya kile ambacho mimi na baba yako tulishindwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nakuongezea: rangi haizibi ufa, inauficha tu, nao huendelea kukua gizani. Ukikosea, sema kungali mapema. Utakaripiwa, ndiyo. Karipio huisha."

Aliutazama mlango, ambako Neville alikuwa anafunga kamba kwenye sanduku la mwisho la vitu vya mzee.

"Mwambie baba yako..." alianza. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi, akapanda ngazi mwenyewe. "Neville, hivyo sivyo unavyofunga kamba. Sogea huko nikushikie."