Faili la Kina Mama Waliojificha

Nesi alirudi kutoka kazini saa kumi jioni. Alivua viatu, akaona meza ya sebuleni iko tupu.

"Baba watoto, kompyuta iko wapi?"

"Si ulilalamika inakwamakwama? Nimeipeleka kwa fundi."

 Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na faili la kina mama waliokimbia vipigo vya waume zao: majina, simu, na mahali walipojificha. Alivaa viatu tena, akatoka bila kuaga.

Alipoingia dukani kwa fundi, alisita mlangoni. Kwenye benchi alikaa mwanamume aliyewahi kufanya fujo zahanatini akimtafuta mkewe, mmoja wa wale waliojificha. Sasa alisubiri simu yake itengenezwe. Hatua mbili tu mbele yake, mafaili ya nesi yalionekana kwenye kioo cha mashine ya fundi.

Nesi alisimama katikati, akaziba kioo kwa mgongo.

"Dada fundi, zima hiyo. Tafadhali."

Fundi alimtazama usoni, akazima bila kuuliza. Alimpa yule mwanamume simu yake. Mwanamume akaenda zake.

"Umeingiaje?" nesi alinong'ona. "Mimi nimeweka nywila!"

"Nywila ile inalinda mlango tu. Nimechomoa diski nikaiunganisha na mashine yangu. Vitu vyako viko wazi, mtu yeyote angevisoma."

"Sasa nifanyeje?"

"Tuisimbe diski nzima. Kusimba ni kugeuza maandishi yawe fumbo. Bila ufunguo, mwizi haambulii kitu."

"Na ufunguo ni nini?"

"Nywila ndefu, maneno kadhaa yasiyohusiana. Sio jina la mwanao! Utapata pia ufunguo wa akiba. Uandike kwenye karatasi, uuweke mbali na mashine. Ukipoteza vyote viwili, hata mimi sikuokoi. Na ukimaliza kazi, izime kabisa. Ikiwa inawaka, fumbo limefunguka."

Walifanya hivyo siku ileile.

Mwezi uliofuata, wezi walivunja dirisha mchana wakabeba kompyuta. Mume alishika kichwa.

"Mama watoto, wale kina mama!"

"Niliizima mwenyewe asubuhi," nesi alisema. "Hawatasoma hata herufi moja."

Hata hivyo alimpigia simu papo hapo mke wa yule mwanamume wa dukani.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, nesi. Niko kazini. Nikupigie baadaye?"

"Haya, mama. Nilitaka kukujulia hali tu."

Nesi alikata simu, akashusha pumzi. Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia vioo.