Dakika Kumi na Tano Kufika Beni

Wafanyabiashara wa Bunia hawahesabu njia ya Beni kwa kilometa. Dakika arobaini kwa ndege, basi. Barabarani kulikuwa na wenye bunduki, amani yenyewe ya kulala jicho wazi. Ndiyo maana Kaswera, muuza makayabo, samaki wa chumvi wa Tchomia, alikuwa angani injini ilipozimika katikati ya dhoruba. Alitazama saa: dakika ya ishirini na tano. Halafu mabawa yakagonga miti na dunia ikapinduka.

Alizinduka mdomo umejaa damu. Félicien, mchimba dhahabu aliyekaa nyuma yake, alikuwa amepasuka kichwa. Rubani Ambroise alibanwa na usukani, mfupa wa mguu umetoka nje. Walimvuta, akapiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Redio ilikuwa imekufa. Chakula kilikuwa makayabo tu, na chumvi ile ingewaua kwa kiu.

Kulipokucha maji yalibaki chupa moja.

"Ilibakia dakika kumi na tano tu," Félicien alisema. "Beni iko hapa mbele. Tuende, mama."

"Dakika kumi na tano ni kilometa makumi tano," Ambroise alinong'ona. "Mubakie. Muwashe moto, ndege ingine itaona moshi."

"Wenye bunduki ndio watauona ya kwanza!"

Tusimlaumu Kaswera bure. Alishakimbia vita mara mbili, na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alingoja rubani afumbe macho, akamwekea chupa karibu na mkono, akamfuata Félicien bila kuaga.

Miiba iliwachana ngozi. Matope yaliwafika magotini, na mto mmoja uliwazuia wakauzunguka mpaka wakapoteza upande wa jua. Jioni walipanda kilima cha mawe. Kaswera akageuka. Mkia mweupe wa ndege ulikuwa palepale chini yao.

"Yesu wangu! Siku muzima, papa Félicien! Ndege ingepita hapa wakati wa kumeza mate tu!"

Félicien alikaa chini akalia, mwanamume mzima. Kaswera hakuwa na machozi. Aibu ilimkaba kuliko kiu, maana kule chini mtu alikuwa anakufa peke yake.

"Mimi narudi."

"Utakufa na yeye!"

"Basi tutakufa wawili."

Alitangulia. Félicien akamfuata akinung'unika.

Walifika kesho yake. Chupa ilikuwa tupu, mguu unanuka, lakini Ambroise alipumua. Kaswera alimwaga mafuta ya injini juu ya kuni, akawasha moto, akarundika majani mabichi. Félicien alitaka kuuzima kwa miguu.

"Gusa huu moto, weye, utaniona!"

Félicien akaenda kutafuta kuni.

Siku mbili walimkamulia Ambroise maji ya mvua mdomoni kwa kitenge. Siku ya tatu vichaka vikatikisika, Félicien akajificha chini ya bawa. Wakatokea wawindaji wanne na nyavu zao, wakifuata moshi. Walimbeba mgonjwa kwa tipoi, machela ya miti.

Katika hospitali ya Beni walimkata mguu, akapona. Mkewe alipiga magoti mbele ya Kaswera.

"Asante, mama. Haukumuacha."

Kaswera angeweza kunyamaza. "Nilimuacha," alisema. "Siku muzima nilimuacha, akiwa amelala."

Ambroise aligeuza kichwa kwenye mto.

"Sikulala, mama. Nilifunga macho ili musione haya kwenda."

Kaswera akalia kilio ambacho hakukilia msituni.