Mkono Uliobaki Hewani

Jumamosi ya soko, Nakuru haina adabu. Mikokoteni ya kabeji inapita bila kuomba njia, makanga wanaita abiria hadi sauti zinawakauka, na ukiinama kufunga kamba ya kiatu utakanyagwa. Katika fujo hiyo, nje ya soko la mboga, alitokea kijana mrefu akikokota baiskeli nyembamba ya mashindano. Alivaa kaptura nyeusi ya kubana na jezi nyekundu iliyomkaa vizuri kupita kiasi. Wauza viazi waliacha kupima wakamtazama.

"Kijana, umesahau suruali nyumbani?" mmoja akamuuliza.

Kijana alicheka, akageuka kumjibu, na gurudumu lake la nyuma likapitia mafungu ya nyanya yaliyopangwa chini pembeni mwake. Nyanya zikabingirika hadi barabarani.

"We ni kipofu?" mama wa nyanya alipiga kelele. "Nyanya yote hii huioni?"

"Sori, mathe. Sori kabisa. Sikuona."

Aliyeinama kumsaidia kuokota ni msichana mweusi mwembamba, kavaa rinda la bluu lenye vitone vyeupe na raba zilizochakaa. Jina lake Jemutai. Alikuwa ametoka Njoro, anakofanya kazi katika duka la dawa za mifugo, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Boss, miguu yako iko kazini," alisema, "lakini macho naona yameenda livu."

"Yakirudi, yataanza na wewe."

Jemutai alicheka mpaka nyanya mbili zikamponyoka. Waliongea, wakagundua kwamba wote wanakaa Njoro na kwamba kijana huyu, jina lake Kigen, ndiye dereva wa gari la maziwa linalopita mbele ya duka lake kila asubuhi. Ilibidi waje Nakuru kugonga nyanya za watu ndipo wajuane.

Mapenzi yao yalikua juu ya magurudumu. Kigen alimtafutia baiskeli kuukuu ya mashindano, akaipaka rangi ya kijani, na kila Jumapili baada ya kanisa wakaingia njia za ndani, mbali na malori. Walipita kati ya mashamba ya ngano yaliyolala kama kitanda kilichotandikwa, wakapanda vilima hadi wakahema, kisha wakarudi kwa kijinjia cha mfereji. Mfereji huo wa maji ulichimbwa zamani, ukapandwa mikaratusi pande zote mbili, na kijinjia chake kilikuwa kitulivu kiasi cha mtu kusikia cheni yake ikizunguka. Hapo ndipo Kigen alipomfundisha kufuata.

"Jibane nyuma ya gurudumu langu," alimwambia. "Upepo wote nitaumeza mimi. Lakini barabara hutaiona, utaona mgongo wangu tu."

"Mgongo wenyewe si mbaya."

"Sikiza basi, mrembo. Shimo likiwa kushoto, nitaelekeza mkono wa kushoto chini. Likiwa kulia, wa kulia. Wa mbele ndiye macho ya wa nyuma. Nisipokupa mkono, jua njia iko safi."

Jemutai alimwamini. Aliipenda hali ile ya kukimbia akiwa haoni mbele, akiongozwa na mkono wa mtu mmoja, na hakuna siku mkono huo ulimdanganya.

Kitu kimoja tu kilimkera. Jua likianza kushuka, Kigen hugeuza baiskeli. Hakai. Hata umpikie nini, hakai.

"Bebi, kesho jioni twende Nakuru tukale samaki," Jemutai alimwambia kwenye simu.

"Jioni sitaweza, Jemu. Mchana je?"

"Mchana, mchana! Kwani wewe ni kuku, giza likiingia lazima uwe kibandani?"

"Kuku wako."

"Wangu, na siwezi kukula supu."

Walicheka wote wawili, lakini simu ilipokatika Jemutai alibaki ameishika. Zeddy, mwenzake wa dukani, alikuwa akimsikiliza huku akipanga chupa za dawa ya kupe.

"Mwanaume anakupatia mchana peke yake?" Zeddy alisema. "Jioni iko na mwenyewe. Amini mimi."

Neno kama hilo likishaingia kichwani halitoki. Jemutai alianza kumchunguza. Aliona siku hizi Kigen anapita watu njiani bila kuwasalimu, na watu wanalalamika kwamba kijana wa maziwa ameanza maringo. Akamuuliza, naye Kigen akasema ni uchovu.

Halafu ikaja Jumapili ile, ambayo Kigen alikuwa amesema ana swali la kumuuliza wakimaliza mfereji. Jua lilikuwa likichungulia kati ya mikaratusi, mwanga na kivuli vikipishana njiani. Kigen alikuwa mbele, Jemutai kajibana nyuma yake katika jezi yake mpya ya manjano, akifurahia mwendo. Mkono wa Kigen haukusonga. Mahali ambapo slabu ya daraja dogo ilikuwa imevunjika upande wa kushoto, gurudumu la Kigen lilipita pembeni kwa bahati tu. La Jemutai likaingia shimoni. Baiskeli ilimrusha, akaangukia ukingo wa mfereji, na mfupa wa bega la kushoto ukavunjika.

Kigen alitupa baiskeli, akampakata.

"Kwa nini hukunipa mkono?" Jemutai alimuuliza kwa maumivu. "Kigen, shimo kubwa vile!"

Hapa angesema ukweli, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alikuwa na hofu, na alikuwa amezoea kuificha.

"Nilikuwa nawaza mambo mengine," alijibu.

"Mambo gani?"

"Mambo tu."

Kwenye wodi, bega likiwa limefungwa, Jemutai alimuuliza tena, safari hii kwa simu, maana Kigen alikuja kumwona mara moja tu kisha akapotea.

"Niambie ukweli. Kuna mwingine?"

Jemutai alimsikia Kigen akifunga mlango.

"Pengine ni vizuri tupumzike kidogo, Jemu."

"Kupumzika ndiyo kuachana?"

"Sijui niite nini."

Alilia hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akamwomba anywe maji. Gari la maziwa likaanza kuendeshwa na mtu mwingine. Wengine walisema Kigen amepata kazi Nairobi, wengine wakasema amepata mke Gilgil. Jemutai alimtetea moyoni mwake kila usiku, kisha asubuhi akamchukia upya.

Walikutana tena mjini Nakuru, kwenye barabara kuu, mchana, watu wamejaa. Zeddy alikuwa amemsindikiza Jemutai kuondolewa bandeji. Kigen alikuwa amesimama karibu na duka la viatu, kavaa koti la kijivu na kofia yenye ukingo, anatazama mbele kama mtu anayengoja gari. Jemutai alikuwa ameapa hatamsemesha. Lakini miguu ilimpeleka.

"Kigen. Sasa?"

Uso wake ulifunguka kwa furaha. "Jemutai! Umepona?"

"Napona." Akamnyooshea mkono wa kulia.

Kwa watu wa huku salamu si maneno, ni mkono. Hata mkikosana juu ya mpaka wa shamba, mkono mtapeana. Anayekunyima mkono mbele za watu ameshakuzika. Na Kigen alimtazama Jemutai usoni, akatabasamu, akasema, "Nimefurahi kukuona," na mikono yake ikabaki ndani ya mifuko ya koti. Mkono wa Jemutai ulikaa hewani. Mwuza njugu aliuona, Zeddy aliuona, mtaa mzima, ilionekana kwake, uliuona. Aliurudisha polepole, akaupangusa kwenye sketi yake, akaondoka bila kuaga. Siku hiyohiyo alifuta namba ya Kigen.

Mvua za masika zilikuja, ngano ikapandwa. Baiskeli ya kijani ilining'inia ukutani mwa duka, ikishika vumbi.

Alasiri moja mwanamke mzima aliyefunga kitambaa cha zambarau kichwani aliingia dukani kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe. Alikuwa mama yake Kigen. Jemutai alimhudumia kwa heshima, akimwita mama, akiomba Mungu asiulizwe kitu. Mama alichukua dawa yake lakini hakuondoka.

"Mwanangu, mimi sikulaumu," alisema.

"Kwa lipi, mama?"

"Kumwacha Kigen. Wewe ni msichana mdogo. Hata mimi, saa nyingine, naona ningekimbia. Nani anataka kuongoza mtu mpaka kuzeeka?"

Jemutai alishika meza. "Kumwongoza wapi?"

Mama alimtazama vizuri, akaelewa, akajifunika mdomo.

"Hakukuambia? Ni macho. Kama ndugu yangu Kipkemei. Inaanza na giza, usiku haoni. Halafu ya pembeni inaenda. Sasa anaona mbele kidogo tu, kama mtu anachungulia kwa tundu la mlango. Daktari alisema hakuna dawa, na hiyo tundu nayo itafunga. Aliacha gari ile wiki ulianguka. Alisema, kama nimeua bega ya Jemutai, kesho nitaua mtoto wa mtu."

Jemutai aliketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Jioni ambazo hakukaa. Watu waliopitwa bila salamu. Nyanya. Alikumbuka utani wake siku ile sokoni, wa macho yaliyoenda livu, na aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Jumatatu anaenda Machakos," mama aliendelea, "kuna chuo cha kufundisha watu kutembea na fimbo. Leo yuko huko mferejini anaosha baiskeli. Kuna mwanajeshi wa Gilgil ameinunua, anaichukua kesho."

Zeddy, aliyekuwa amesikia yote, alichukua funguo za duka mkononi mwa Jemutai. "Enda," alisema. "Na mimi mdomo wangu ukatwe."

Jemutai aliishusha baiskeli ya kijani, akaipulizia vumbi, akapanda na rinda lake la kazini. Bega lilimuuma kila alipopita jiwe. Alimkuta Kigen amepiga magoti chini ya mkaratusi, anapitisha kitambaa kwenye cheni kwa vidole, polepole, kichwa kimeinuka.

"Breki zako zinalia," Kigen alisema kabla hajasemeshwa. "Hujazitia mafuta tangu lini?"

"Tangu uninyime mkono."

"Nilikosa, Jemu. Siku ile hapa, sikuliona shimo."

"Sisemi shimo! Nasema mjini. Nilikunyooshea mkono mbele ya watu, na wewe ukaniangalia tu."

Kitambaa kilianguka. Kigen alisimama, na Jemutai hakuwahi kuona uso wake ukivunjika namna ile.

"Ulininyooshea mkono?"

"Ndiyo."

"Mimi niliona uso wako peke yake. Uso tu. Nikajiambia, hata mkono hanipi, na ana haki." Alijifuta macho kwa kiganja chenye mafuta, akajipaka weusi. "Walahi, Jemu, sikuuona."

Walilia wote wawili, wamesimama mbali kidogo. Jemutai ndiye aliyepata sauti kwanza, na ilikuwa ya hasira.

"Ungeniambia! Ningejua hata kukaa karibu zaidi."

"Ndiyo maana sikukuambia. Mjomba Kipkemei anaongozwa na mke wake kwa kijiti, mmoja huku, mwingine kule, kama ng'ombe anapelekwa mnadani. Yule mama alikuwa anaimba kwaya. Siku hizi haimbi. Nilikuwa nataka wewe unikumbuke nikiwa mbele."

"Na badala yake nikakukumbuka na mwanamke wa Gilgil asiyekuwepo."

Kigen alitabasamu kwa uchungu. Kisha akamwomba asogee palipo na mwanga. "Nikitazama macho yako, mdomo siuoni. Nikienda mdomoni, macho yanapotea. Nipe muda kidogo."

"Anza na macho," Jemutai alisema. "Mdomo utausikia kila siku."

Akasimama bila kutikisika, na Kigen akamsoma kipande kwa kipande, paji la uso, nyusi, kidoti kilicho karibu na sikio, hadi kidevu, kisha akarudi juu tena. Maji ya mfereji yaliendelea kupita.

"Usiningoje," alisema alipomaliza. "Ukipata mtu, usinionee huruma."

"Huruma sina, nina hasira. Ikiisha nitakuja Machakos, na ulichokuwa unataka kuniuliza kabla ya shimo, utaniuliza kule." Akamnyooshea mkono, akauona ukibaki hewani tena, na safari hii akafahamu. "Kigen. Mkono wangu uko hapa. Kulia kwako, chini kidogo."

Kigen aliutafuta, akaupata, akaushika kwa mikono miwili.

Jua lilikuwa limeshuka. Ilikuwa saa ambayo hawajawahi kuendesha pamoja, na baiskeli ingekuwa ya Kigen hadi kesho tu. Jemutai alipanda mbele. Kigen akajibana nyuma ya gurudumu lake.

Kwenye slabu iliyovunjika mkono wa Jemutai ulishuka wenyewe kuelekeza chini, kama alivyofundishwa. Ndipo akakumbuka.

"Shimo! Kushoto!"

Nyuma yake tairi lilikwaruza changarawe, likahamia kulia.

"Nimelisikia," Kigen alijibu.

Akaendelea kumtangazia njia, jiwe, mzizi, maji, sauti ikikatika kwa kilio, hadi wakatokea kwenye lami nyororo. Hapo hapakuwa na kitu cha kumwonya, akanyamaza.

"Jemu?" Kigen aliita, na hofu ilikuwa katika sauti yake. "Mbona kimya?"

"Njia iko safi."

"Basi iseme. Mimi kimya siwezi kukiona."

"Njia iko safi, Kigen," alisema, na akairudia, na kuirudia tena, mpaka langoni kwa mama yake.