Kipigo Hakichagui Kabila

Dobi alikuwa akinyoosha mashati ya wateja. Mkewe alikuwa uani anakamua mashuka. Mara mwalimu wa binti yao akaingia mbiombio.

“Binti yenu amempiga mwenzake kwa waya, kamchana mgongo! Sasa binti yuko ofisi ya ustawi wa jamii. Huenda akapelekwa mahabusu ya watoto.”

Dobi na mkewe ni wa makabila mawili. Walifuatana na mwalimu, na njia nzima walirushiana maneno.

“Hiyo damu ya kwenu,” alisema mke. “Ugomvi mmezaliwa nao!”

“Ya kwetu? Na kaka zako wanaoshinda polisi je?”

Upuuzi mtupu! Lakini mtu akishikwa na hofu husema lolote.

Ofisini, binti alikaa kwenye benchi, macho chini. Afisa wa ustawi, mama wa makamo, aliwapa viti.

“Afisa, huyu karithi ukorofi wa ubabani,” mke alianza.

“Mama, kwenye benchi hilo wamekaa watoto wa kabila lako, la mumeo, hata langu, na sisi tunajiona malaika. Wengi wao nikiwauliza ya nyumbani, naambiwa kipigo na matusi. Si kila anayepigwa huharibika. Lakini kipigo huongeza hatari, na hakichagui kabila.” Akamgeukia mwalimu. “Alipokuwa anampiga mwenzake, alisema nini?”

“Alisema, ‘Nyamaza! Ukilia naongeza!’”

Maneno yale yalikuwa ya dobi mwenyewe. Hata waya ulikuwa wake, wa pasi mbovu.

“Mimi ndiye niliyemfundisha,” alisema.

“Nami nilisikia kila siku, nikanyamaza,” mkewe alisema, akilia.

Afisa hakuwabembeleza. Binti aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti: amwombe radhi mwenzake, na wote watatu wahudhurie ushauri. Huko dobi alijifunza kutoka nje hasira zikimpanda, kisha kurudi na kuzungumza. Haikuwa rahisi hata kidogo.

Jioni moja binti alisimama mbele yake. Mkononi alikuwa na shati jeupe la mteja, limeungua mgongoni.

Damu ilimchemka dobi. Mkewe aliacha kufua, akawatazama. Dobi alitoka nje, akanawa uso, akavuta pumzi. Aliporudi, binti alikuwa bado amesimama palepale.

“Mbona hukulificha?”

“Nilitaka kulificha, baba. Halafu nikaona bora nikwambie wewe.”

Dobi alivuta kiti. Wakakaa, wakapanga watakavyomweleza mwenye shati.