Droni Iliyofanya Kazi ya Mnara

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe, Efrazia alipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yake, kijijini Maretadu. Aliinua simu juu. Hakuna mtandao. Aligeukia upande wa pili. Hakuna.

Binti yake, Oliva, aliolewa Tabora. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimiza miezi tisa. "Mama, nikijifungua nitakupigia wewe kwanza," alisema kwa simu. Siku mbili baadaye, mvua kubwa iliangusha mnara wa simu. Barabara nayo ikakatika.

Siku kumi na moja zikapita. Efrazia akichambua maharage, mikono ilisimama yenyewe. Je, amejifungua salama? Au ananiita?

Siku ya kumi na mbili, kitu kilivuma juu ya uwanja wa shule. Kilikuwa na mapanga sita yanayozunguka kama feni. Kilitulia angani, na waya mrefu ulishuka kutoka kwake hadi chini.

Bura, mume wa Efrazia, akaokota jiwe. "Kimekuja kutupeleleza hiki!"

"Baba, tafadhali usirushe!" Dada mmoja mwenye kofia ngumu alikuja mbio. "Shikamooni."

"Marahaba."

"Naitwa Judith, fundi wa mtandao. Hii ni droni. Imebeba kifaa kidogo kinachofanya kazi ya mnara. Simu yako inawasiliana na droni. Droni inawasiliana na mnara mwingine ulio mbali, ambao haukuanguka. Iko juu, kwa hiyo vilima haviizuii. Umeme wake unapanda kwa huu waya."

"Haitupigi picha?"

"Hapana, Baba. Hii hatukuifungia kamera."

Efrazia akasogea. "Naweza kumpata mwanangu wa Tabora?"

"Ndiyo, Mama. Ila kifaa ni kidogo, hakibebi simu za watu wengi kwa wakati mmoja. Kama jambo si la haraka, tuma meseji. Ukipiga, ongea kwa kifupi, ili mwenye mgonjwa naye apate nafasi. Na mtu yeyote asisimame chini yake. Upepo ukizidi, tutaishusha."

Bura aliweka jiwe chini. Akaenda kuwafukuza mbuzi waliokuwa karibu na waya.

Efrazia aliwasha simu. Meseji ziliingia mfululizo. *Mama, uchungu umeanza. Mama, mbona hupatikani?* Akampigia Oliva.

"Mama!" Oliva akaangua kilio. "Nilikuita sana siku ile."

"Nilikuwa kilimani kila siku, mwanangu, nikikutafuta."

Mtoto mchanga akalia kwenye simu. Efrazia akafumba macho.

"Ni wa kike, Mama. Ana siku tisa. Hana jina bado. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

"Mwite Lucia," Efrazia alisema. Lilikuwa jina la marehemu mama yake. "Barabara ikipitika, nakuja."

Alitamani kumsikia mtoto akilia tena, hata mara moja tu. Lakini nyuma yake alisimama jirani yake Tadei, ambaye mkewe alikuwa amelazwa Mbulu. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

Efrazia akakata. "Haya, Tadei," alisema. "Piga sasa."